Barua Iliyokosa Sanadi



Ndugu wasomaji, wiki hii tumeona tuzungumzie jambo lililotufika sisi wenyewe katika ofisi ya msikiti. Huenda mwanzoni likaonekana ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini ndani yake mna amana iliyopotea mikononi mwetu, mna yatima aliyechelewa kuanza masomo, na mna kijana aliyedhaniwa ubaya pasi na kosa. Kwa sababu hiyo tumeona lina nafasi katika kurasa hizi za familia.

Mwanzoni mwa Januari tulibandika ubaoni orodha ya mayatima watakaopewa sare na madaftari kutoka katika mfuko wa msikiti. Siku ya pili yake, baada ya swala ya Alasiri, alitujia bibi mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa ameisoma orodha mara mbili na jina la mjukuu wake hakuliona. Akatuambia kwa upole, “Ustadhi, sisi tuliomba tangu Novemba.” Tukafungua daftari la maombi ya karatasi, hatukumwona. Tukafungua kisanduku cha barua pepe, ambamo maombi yanayojazwa kwenye tovuti ya msikiti hufikia, napo hatukumwona. Tukamwuliza ni nani aliyemjazia fomu. Akamtaja kijana wa jirani, ambaye alimpa shilingi 2,000 za bando kwa kazi hiyo. Alipokwisha kulitaja jina, uso wake ukabadilika, akasema kwa sauti ya chini, “Basi atakuwa amezila.”

Nasi, Allah atusamehe, hatukumkanya. Tulinyamaza, na kunyamaza kwa mwenye ofisi mbele ya tuhuma huwa ni kama kutia sahihi.

Kijana akaitwa. Hakubishana na mtu. Alitoa simu yake akatuonyesha picha ya skrini aliyoihifadhi tangu siku ile ya Novemba. Palikuwa na jina la mtoto, na chini yake maneno haya: “Ombi lako limepokelewa. Jazakumullahu khayran.” Maneno hayo tuliyaandika sisi wenyewe siku tovuti ilipofunguliwa. Tovuti yetu ilikuwa imemwambia mja wa Allah kwamba ombi lake limepokelewa, ilhali hapakuwa na mtu yeyote aliyelipokea.

Usiku ule ndipo tulipofungua, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kutumia anwani ile, kapu la barua taka. Humo tulikuta maombi kumi na moja, yote ya mwezi wa Desemba. Ombi la bibi halikuwamo. Kampuni inayotuhifadhia barua pepe, kama zilivyo nyingine kadhaa, hulifuta lenyewe kila lililokaa katika kapu hilo zaidi ya siku 30. Ombi lake lilikuwa limefika, likahukumiwa kuwa ni taka, likangoja mwezi mzima bila ya mtu kulitazama, kisha likafutwa.

Jambo la kwanza lililotujia akilini lilikuwa ni kuilaumu kampuni ya barua pepe. Ilihukumuje kuwa ombi la yatima ni taka? Lakini tulipokaa na fundi na kulichunguza jambo hatua kwa hatua, tulikuta kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Ili msomaji atuelewe, inafaa ajue kwamba kanuni za kupelekeana barua pepe zinazotumika hadi leo zina asili yake katika waraka ulioandikwa na Jon Postel nchini Marekani mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa ni wa vyuo na maabara, watu wakijuana. Hakuna aliyeona haja ya kumtaka mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Kwa hiyo katika barua pepe sehemu ya “Kutoka” ni sawa na jina linaloandikwa nyuma ya bahasha: mtu aweza kuandika jina lake, na aweza kuandika jina la jirani yake, na tarishi ataipeleka vilevile. Balaa lenyewe lilikuwa limekwisha kubisha hodi hata kabla ya waraka huo. Mwezi Mei mwaka 1978 mfanyabiashara mmoja wa kompyuta aliwatumia watu takribani 400 tangazo ambalo hawakuliomba. Kilichoanza kwa watu 400 leo ni mafuriko ya kila dakika, na ndani ya mafuriko hayo wamo matapeli wanaojiita benki, wanaojiita serikali, na wanaojiita hata taasisi za misaada ya mayatima.

Ndiyo maana vikawekwa vichujio. Na kichujio cha leo hakitazami maneno yaliyomo peke yake. Kabla ya hayo kinauliza swali ambalo sisi Waislamu ni watu wa kwanza tunaopaswa kulielewa: barua hii imetoka kwa nani, na imepita mikononi mwa nani?

Wanazuoni wetu wa hadithi walilijenga jengo zima la elimu juu ya swali hilo. Matni yawe mazuri kiasi gani, kwanza walitazama sanadi. Nani kapokea kutoka kwa nani? Je, walikutana? Je, mpokezi ni mwaminifu na mwenye kuhifadhi? Maneno matamu yenye sanadi iliyokatika hayakupita. Suratul Hujurat imetuamrisha tuichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na katika Suratun Naml tunasoma kisa cha Malkia wa Saba. Ilipomfikia barua aliyoiangusha hudihudi, kabla ya kuwataka wakuu wake rai aliwabainishia barua hiyo ni ya nani na imeanza kwa jina la nani. Mtumaji alitajwa kwanza, shauri likafuata.

Sasa tuitazame sanadi ya barua zetu. Mzazi anapojaza fomu kwenye tovuti, barua inayoletwa ofisini haiandikwi na mzazi. Inaandikwa na seva ya tovuti. Lakini aliyetutengenezea fomu, kwa nia njema ya kuturahisishia kujibu, aliiagiza seva iweke anwani ya mzazi katika sehemu ya “Kutoka”. Kwa hivyo kila ombi lilifika likidai kuwa limetoka katika anwani ya mzazi, kwenye kampuni kubwa inayohifadhi barua pepe za mamilioni ya watu, ilhali limetoka katika seva ya kukodi ambayo kampuni hiyo haiijui wala haijaipa idhini. Kichujio kiliuliza: huyu anayejiita mteja wa kampuni fulani, mbona anakuja kutoka mahali pengine kabisa? Na hakikukosea kuuliza. Bila ya kukusudia, tovuti ya msikiti ilikuwa inafanya yaleyale wanayoyafanya matapeli, yaani kujivika jina la mtu mwingine.

Ushahidi ulikuwamo humohumo katika kisanduku chetu, nasi hatukuusoma. Maombi sita yalikuwa yamefika salama. Yote sita yalitoka kwa watu wasio na barua pepe, walioacha nafasi ya anwani wazi. Fomu ilipokosa anwani ya mwombaji iliweka anwani ya tovuti yenyewe, ikasema kweli, na barua ikapita. Sisi tuliyaona hayo sita tukaridhika kwamba fomu inafanya kazi. Asiye na barua pepe alisikilizwa, na mwenye nayo akatupwa.

Kosa hili si geni duniani. Mwezi Aprili mwaka 2014 kampuni ya Yahoo ilitangaza kwamba barua yoyote itakayodai kutoka katika anwani zake bila ya kuthibitika ikataliwe. Tovuti nyingi zilizokuwa na desturi kama yetu zikajikuta barua zake hazifiki. Na kuanzia Februari mwaka 2024 Google na Yahoo zimewabana watumaji wote zaidi, hasa wale wanaotuma barua 5,000 na kuendelea kwa siku. Wadogo kama sisi hatumo katika kundi hilo la mwisho, lakini nasi tunatakiwa tuthibitishe kuwa sisi ndio sisi.

Uthibitisho huo una nguzo tatu, na kila kamati ya msikiti, madrasa au shule yenye tovuti inapaswa kuzijua, japo kazi yenyewe ataifanya fundi.

Nguzo ya kwanza huitwa SPF. Ni orodha ambayo mwenye kikoa, yaani mwenye jina la tovuti, huitangaza hadharani katika kumbukumbu za jina hilo, akitaja seva zilizoidhinishwa kubeba barua zake. Ni mfano wa mwenye nyumba anayemwambia mlinzi wa lango, “Matarishi wangu ni hawa na hawa; akija mwingine kwa jina langu, mshuku.”

Nguzo ya pili huitwa DKIM. Hii ni mhuri usioonekana kwa macho, unaopigwa katika kila barua kwa ufunguo wa siri alionao mtumaji, na kuhakikiwa kwa ufunguo wa wazi uliotangazwa katika kumbukumbu zilezile. Maneno yaliyopigwa mhuri yakibadilishwa njiani, mhuri hauhakikiki tena. Hapa tukumbuke sunna iliyo mashuhuri. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kwamba watu hao hawasomi barua isiyo na mhuri. Hakulichukulia jambo hilo kuwa ni kiburi chao. Aliagiza pete ya fedha iliyochongwa jina lake na utume wake, akaifanya mhuri, na akawakataza watu wengine wasichonge maandishi hayo katika pete zao. Yametimia hapo mambo mawili tunayoyahitaji: kuweka mhuri ili barua ipokelewe, na kulinda mhuri ili asiutumie asiyestahiki.

Nguzo ya tatu huitwa DMARC. Hii huunganisha mbili za kwanza na jina analoliona msomaji katika “Kutoka”. Husema: jina hilo lazima lilingane na lile lililothibitishwa na orodha au na mhuri, lisipolingana, mwenye kikoa anaagiza barua ifanywe nini, iachwe ipite, iwekwe kando katika taka, au ikataliwe kabisa.

Tulianza matengenezo kwa kuirudisha kweli mahali pake. Katika “Kutoka” sasa pana anwani ya tovuti ya msikiti na si nyingine. Anwani ya mzazi imehamishiwa katika sehemu ya “Jibu kwa”, ambayo iliwekwa kwa ajili hiyo hasa, ili tukibonyeza kujibu jibu liende kwake. Badiliko hilo lilimchukua fundi dakika chache, na tangu hapo maombi hayajatuingilia katika taka tena.

Lakini barua za upande wa pili, zile tunazowapelekea wazazi kuwajulisha kuwa tumewapokea, ziliendelea kupotea kwa baadhi yao. Tulijifunza kwamba seva yetu ya kukodi tunaitumia pamoja na tovuti nyingine tusizozijua, na zikiwamo zinazotuma taka, sifa mbaya ya anwani ile inatugusa sote. Jirani mbaya hushusha thamani ya mtaa mzima. Tukaacha kuituma barua moja kwa moja kutoka katika seva ile, tukaipitisha kwa kampuni ya kupeleka barua, ambako tovuti huingia kwa jina na nenosiri kabla ya kutuma, na ambako kila barua hupigwa mhuri wa DKIM kwa jina letu.

Hapo nasi tukafanya kosa la pili, na tunalieleza ili wengine walikwepe. Tuliyaongeza matarishi mapya kwa kuandika orodha mpya ya SPF, tukaiacha na ile ya zamani. Kikoa kimoja hakiruhusiwi kuwa na orodha mbili. Zikionekana mbili, mwenye kuhakiki huhesabu kuwa kuna kosa, na hakuna inayofuatwa. Ilitubidi tuziunganishe kuwa moja. Pia mabadiliko katika kumbukumbu hizo hayaenei papo hapo. Huchukua saa kadhaa, na pengine siku nzima au mbili, basi mtu asiharakishe kuvuruga alichokwisha kukirekebisha.

Kulihakiki jambo hili hakuhitaji usomi mkubwa. Jaza fomu yako mwenyewe kama mzazi, ukitumia anwani za kampuni tatu tofauti. Barua ikifika, ifungue katika asili yake. Gmail, kwa mfano, ina sehemu ya kuonyesha hivyo, na juu yake huandikwa waziwazi kama SPF, DKIM na DMARC zimefaulu au zimefeli. Isipofika, tazama katika taka. Na isipokuwamo humo pia, mwulize fundi kumbukumbu za seva, maana mara nyingi barua iliyokataliwa huacha maneno ya sababu.

Baada ya sanadi ndipo yaje matni. Barua yenye kichwa cha habari kilichoandikwa kwa herufi kubwa tupu, yenye picha moja kubwa bila ya maneno, au yenye kiungo kilichofupishwa kisichojulikana kinakwenda wapi, hujitia shakani yenyewe. Andika kwa adabu, taja jina la taasisi, taja jina la mtoto, na mwambie mzazi kwa maneno ya wazi unachomtaka afanye.

Kuliko yote hayo, tumeweka kanuni tatu za kibinadamu, kwa kuwa mtambo hauna dhima mbele ya Allah. Dhima ni yetu. Kila ombi sasa huhifadhiwa ndani ya tovuti yenyewe na kupewa namba, hata kama barua haikufika. Kapu la taka hufunguliwa kila Jumamosi na Jumatano na watu wawili wa kamati. Na maneno yale ya “Ombi lako limepokelewa” tumeyaondoa. Mahali pake tumeandika: “Ombi lako limetumwa. Usipopigiwa simu ndani ya siku saba, tafadhali fika ofisini na namba hii.” Kutuma ni jambo moja na kupokea ni jingine, na haifai nyumba ya Allah iwaambie watu lisilokuwa.

Kwa akina mama, akina baba na walezi, tuna nasaha fupi. Mnapojaza fomu za watoto mtandaoni, za shule, za madrasa au za misaada, hakikisheni anwani mmeiandika sawasawa herufi kwa herufi, kwani herufi moja ikipotea hakuna kichujio kitakachowasaidia. Hifadhini picha ya skrini au namba ya ombi. Tazameni kapu la taka katika simu zenu, na mkikuta humo barua ya taasisi mnayoijua, itieni alama kuwa si taka, ili kichujio kijifunze. Lakini msikurupuke kufungua kila kilichomo, wala msitoe nenosiri au fedha kwa barua yoyote kwa sababu tu imetaja jina la msikiti. Mkiwa na shaka, pigeni simu au njooni.

Limebaki la bibi, mjukuu wake na kijana. Mtoto alipata sare na madaftari yake kutoka katika mfuko, lakini shule ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na siku sita za mwanzo alikaa nyumbani akiwatazama wenzake wakipita. Siku hizo hatuna pa kuzirudishia. Baada ya swala ya Ijumaa tulitangaza kwamba kila aliyeomba kupitia tovuti kuanzia Oktoba na hakujibiwa aje, na kwamba kosa ni la ofisi. Wamekuja watatu zaidi. Mmoja wao alituambia kwamba alikwisha kujua kuwa amenyimwa, ila aliona haya kuuliza sababu. Maneno hayo yametuuma kuliko lawama yoyote.

Kijana tulimwomba radhi mbele ya bibi, kwa kuwa tuhuma ilitamkwa mbele yake. Bibi naye akamwomba radhi, na kijana akacheka akasema yamekwisha. Lakini tulijiuliza usiku ule: lau angekuwa hakuhifadhi ile picha, nani angemwamini? Suratul Hujurat ileile inayotuamrisha kuchunguza habari ndiyo inayotukataza wingi wa dhana. Sisi tulikuwa na kichujio cha kuzitilia shaka barua, na tulikuwa na ulimi wa kumtilia shaka mtoto wa watu, lakini hatukuwa na desturi ya kujitilia shaka wenyewe.

Kila Jumamosi baada ya Alfajiri kijana huyo hujaza fomu ya majaribio kwenye tovuti, kisha huja ofisini kutuuliza kama imefika. Hatumjibu mpaka tuwe tumeiona kwa macho yetu.

Wabillahi tawfiq.